Mikuyu Iliyokuwa Mizima

Mji wenyewe ni mdogo. Ukipiga chafya sokoni, mtu wa stendi anakuombea afya. Una barabara moja ya lami, shule, zahanati, ofisi ya mji yenye rangi mbili kwa sababu rangi ya kwanza iliishia njiani, na mto. Wenyeji hujisifia ule mto kana kwamba waliuchimba wao. Kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kujisifu, maana kando ya maji kulikuwa na njia ya miguu, na juu ya njia ile mikuyu mikubwa ilishikana matawi, hata jua la saa saba likifika pale lilikuwa limeshavunjwa makali. Watu walitoka miji mikubwa kuja kupunga upepo. Wengine walikuja kwa mapumziko ya siku mbili, wakarudi makwao kufunga virago na kuhamia kabisa, hasa wastaafu wenye presha na magoti yaliyochoka. Watoto waliogelea kwenye kona ya maji matulivu, vijana walikodi boti wakashindana kupiga makasia, na wazee walicheza drafti huku wakiibiana kete.

Mtunza bustani za mji alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye reki haikumtoka begani. Walimwita Bwana Kivuli. Jina hilo alilipata ujanani, siku alipomkuta mtu anakwea mkuyu na panga kutafuta kuni. Alimshusha, akamwambia, "Hicho unachokata si kuni, ni kivuli cha watu." Maneno yalitembea mji mzima, na jina likamganda. Ile mikuyu hakuipanda yeye, aliikuta, lakini aliilea kama wanawe. Wadudu wakiingia alijua kabla majani hayajaanza kujikunja. Mtu akitaka kupanda mti uani kwake alimwita yeye kwanza, na akisema "hapa hapafai," mwenye nyumba alirudisha jembe ndani bila ubishi. Kwa habari ya miti, neno la Bwana Kivuli lilikuwa la mwisho, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Nyumbani aliishi na mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani, pamoja na mama mkwe wake. Watoto walishatawanyika kutafuta maisha. Mama mkwe alihamia kwao alipofiwa na mumewe, na tusidanganyane, tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwavuli mweusi alioutumia zaidi kunyoshea watu kuliko kujikinga mvua. Uongo hakuupenda hata ule mdogo wa adabu. Jirani alipomletea mtoto mchanga amwone, wengine wote walisema ni mzuri. Yeye alimwangalia kwa makini, akasema ana afya.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwagiza atembee, kwa ajili ya presha na miguu iliyokuwa ikivimba. "Dawa nitakupa, Bibi," alimwambia, "lakini dawa kubwa ni hiyo miguu yako." Basi kila alasiri bibi alishika njia ya mtoni, kuanzia darajani hadi kwa mama mmoja mkodisha boti, na kurudi, akisalimia kila mtu na kumrekebisha kila mtu. Uvimbe ulipungua hadi viatu vyake vya zamani vikamwingia. Jioni moja alimwambia mkwewe, "Miti yako inanitibu, mwanangu." Bwana Kivuli alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini sifa ikitoka kwa mama mkwe ni kitu kingine. Kesho yake alikwenda kazini akitabasamu peke yake njia nzima.

Sasa ikawa ofisi ya mji imeingia kwenye mashindano ya miji inayofaa kuishi na kupumzika. Mkurugenzi, mtu wa suti na haraka, akaagiza njia ya mtoni itengenezwe upya. Iwe pana, ya zege, yenye taa na vyuma vya mazoezi, ili wakimbiaji wapate pa kukimbilia na wapiga picha wapate cha kupiga. Mhandisi wa mji, kijana mpole kiasi kwamba watu walidhani hajui kazi, alichora njia iliyopindapinda kuikwepa mikuyu. Mkurugenzi alitaka iliyonyooka. Wakavutana, hadi mkurugenzi akasema aitwe Bwana Kivuli aulizwe.

Akaja na viatu vyake vya tope, akasimama mlangoni kama kawaida. Katika utumishi wake wote maagizo aliyapokelea pale mlangoni. Siku hiyo mkurugenzi aliinuka, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Karibu ukae, mtaalamu wetu." Ikaletwa chai kwenye kikombe chenye kisahani, na biskuti mbili. Juu feni ilikuwa ikizunguka. Bwana Kivuli alikaa kwenye ncha ya kiti asije akakichafua, na moyoni akatamani mkewe angepita dirishani akamwona. Waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa wanamsema mtu aliyezoea kusifiwa. Huyu wetu hata mazoezi hakuwa nayo.

"Tunataka neno lako tu," mkurugenzi akasema. "Mimi naiona ile miti imezeeka. Nasikia miti ya hivyo huoza ndani, nje ukadhani mizima. Halafu tunafikiria kuweka msimamizi wa mazingira, mtu mwenye uzoefu. Wewe unasemaje?"

Mhandisi alikuwa upande wa pili wa meza, penseli mkononi. Alimtazama Bwana Kivuli kama mtu aliyefikiwa na msaada.

Bwana Kivuli aliijua ile mikuyu. Ilikuwa mizima yote, na ingeweza kuwazika wote waliokuwamo chumbani na watoto wao pia. Lakini mkurugenzi alikuwa amemwinamia, anaitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba jibu limeshatoka, na kikombe kilikuwa cha moto vizuri mkononi. Ulimi hauna mfupa.

"Imeoza ndani," akasema. "Ni upepo mmoja mkubwa tu."

"Una uhakika, mzee?" mhandisi akauliza.

Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hili, hapo ndipo palipomchoma zaidi. Aliulizwa mara ya pili. Nafasi ya kurudi nyuma alipewa, tena kwa upole, na mtu aliyemwita mzee.

"Nina uhakika," akasema, akachovya biskuti kwenye chai.

Hongo hakupewa. Laiti angehongwa, angekuwa na cha kujitetea nacho: shida, mwana mgonjwa, paa linalovuja. Yeye aliitoa mikuyu ya mji mzima kwa kukalishwa kitini.

Wakaja watu na misumeno ya injini. Mkuyu wa kwanza ulichukua asubuhi nzima kukubali. Ulipoanguka, ardhi ikatikisika hadi boti zikagongana majini, na pale ulipokatwa pakaonekana peupe, pasafi, utomvu ukitiririka. Hapakuwa na tundu wala doa. Mhandisi aliinama, akaweka kiganja juu ya kisiki, akakaa hivyo kidogo. Kisha akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali, akamtazama Bwana Kivuli. Akaondoka kwenda kupima mahali pengine ambapo hapakuwa na cha kupima.

Bwana Kivuli akachota tope la mtoni kwa ndoo, akaanza kupaka visiki kimoja baada ya kingine, hadi weupe wote ukafunikwa. Mpita njia akamuuliza anafanya nini. Akajibu anazuia mchwa. Yule mtu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Ama kweli wewe una huruma. Hata maiti ya mti unaihudumia." Bwana Kivuli akainamia ndoo yake.

Nyumbani alisema amri ilitoka juu. Haikuwa uongo, wala haikuwa kweli. Mkewe akasikitika, akarudi kwenye cherehani. Mama mkwe alitaka kujua huko juu ni juu wapi na nani anakaa huko. Bwana Kivuli akasema ni mambo ya ofisi, akaenda kuoga ingawa alikuwa ameshaoga.

Njia mpya ikazinduliwa kwa utepe na picha. Ilipendeza, tusiikosee adabu. Miezi ya mvua hakuna aliyeona tatizo. Kiangazi kilipofika ndipo zege lilipojitambulisha. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limeshika moto, na halikuuachia hadi watu wamekwenda kulala. Vyuma vya mazoezi viliunguza viganja. Upepo wa mtoni, ule ulioleta watu kutoka mbali, ulipita juu ya zege kwanza na kuingia majumbani ukiwa na joto la jikoni. Wageni walikuja alfajiri, wakapiga picha, na chai wakaenda kunywea mji mwingine. Wacheza drafti walihamia chini ya ngazi za benki, mlinzi akawafukuza. Mstaafu mmoja aliyehamia kwa ajili ya hewa alibandika tangazo la kuuza nyumba, na lile tangazo likapauka kwa jua kabla hajapatikana mnunuzi.

Na watu waliendelea kumwita Bwana Kivuli. Hawakuwa na nia mbaya, ni mazoea tu. "Bwana Kivuli, habari za asubuhi." "Bwana Kivuli, pole kwa kazi." Wengine walimpa pole mahususi, kama mfiwa. "Najua inavyokuuma kuliko sisi," walimwambia, naye alijibu ahsante. Alianza kuzunguka nyuma ya soko kwenda kazini, njia ndefu yenye mitaro, ili mradi asikutane na heshima yake.

Mama mkwe alijaribu kuitembelea njia mpya mara moja. Alitoka saa yake ileile ya alasiri, mwavuli juu, maana daktari wake ni miguu yake. Bwana Kivuli alikuwa akimwagilia maua ya ofisi alipoona toroli inakuja barabarani. Ilikuwa toroli ya mji, ile anayobebea majani yeye mwenyewe. Aliyeisukuma ni mama mkodisha boti, jasho likimtoka, na ndani yake, magoti yamekunjwa, kilemba kimeshuka shingoni na mvi ziko nje mbele ya watu, alikuwa mama mkwe wake.

"Alidondoka pale kwenye vyuma," mkodisha boti akasema. "Nimemmwagia maji, amezinduka. Nisaidie kusukuma, baba, mikono imekufa."

Bibi alikuwa na fahamu zake zote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alitazama mbele moja kwa moja, mwavuli umelazwa mapajani, wala hakumjibu mtu aliyempa pole. Bwana Kivuli akaishika toroli akasukuma. Gurudumu lilikuwa linalia, na kwa mara ya kwanza akajilaumu kwa kutolitia grisi. Njia nzima alitazama kisogo cha mama mkwe wake, akaona jinsi kilivyo chembamba.

Tangu siku hiyo bibi alitembea ndani ya nyumba. Kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, kwenda na kurudi, mkono mmoja ukutani, hadi rangi ya ukuta ikaanza kung'aa kwenye mstari wa kiganja chake. Miguu ikavimba upya, viatu vikarudishwa chini ya kitanda. Akichoka alikaa kwenye ujia na taulo bichi shingoni, akatoa dua yake ya kila alasiri.

"Aliyeikata ile miti, Mungu ampe jua la kumtosha."

"Amina," Bwana Kivuli aliitikia siku moja, mdomo ukiwahi kabla ya akili, kwa mazoea ya kuitikia dua za wazee. Halafu akabaki amesimama na kikombe chake, hajui acheke au atoke nje.

Alijaribu kumwambia, msimwone hivi. Mara kadhaa aliingia akiwa ameshapanga maneno tangu kazini: Mama, kuna jambo. Siku moja alifika hadi hapo, "Mama, kuna jambo," na bibi akamjibu, "Nisogezee hicho kiti kwanza, mwanangu, napita." Akasogeza. Bibi akapita, polepole, akihema. Aliporudi kutoka mlango wa nyuma Bwana Kivuli hakuwapo tena.

Mwishowe watu walichoka, wakamtaka mkurugenzi aitishe mkutano. Ukafanyika kwenye ukumbi wa shule, alasiri, joto la kuivisha mkate. Watu walijipepea kwa madaftari ya wanafunzi. Mkodisha boti alikuwa wa kwanza kusimama. "Boti zangu nimezifudikiza ufukweni," akasema, "na mbwa wa mji mzima wanalala chini yake, maana ndicho kivuli kilichobaki. Mbwa hawalipi kodi." Watu wakacheka, kisha kicheko kikageuka manung'uniko, na manung'uniko yakawa kelele. Nani aliamua? Nani alisema ikatwe?

Mkurugenzi akafuta jasho. "Ndugu zangu, ofisi haikukurupuka. Tulimuuliza mtaalamu. Tena yuko hapa, mnamwamini kuliko mnavyoniamini mimi. Bwana Kivuli mwenyewe alituambia ile miti imeoza."

Madaftari yakaacha kupepea. Shingo zote zikageuka. Bwana Kivuli alikuwa amekaa mstari wa nyuma karibu na mlango, na tutampa haki yake: alikusudia kusema. Aliweka mikono magotini ajisukume, akainuka nusu. Kauli ilikuwa fupi, ni kweli nilisema, wala haikuhitaji ujuzi. Lakini alipokuwa bado ameinama hivyo, hajasimama wala hajakaa, mwavuli ukagonga sakafu upande wa wanawake.

"Mimi ni mama mkwe wake," bibi akasema. Alikuwa amesimama kwa kushika bega la binti yake. "Mnanijua. Simvishi mtu kilemba cha ukoka, awe mkwe awe nani."

"Tunakujua, Bibi," sauti zikajibu.

"Siku ile huyu mtu alirudi nyumbani chakula kikamshinda. Alitueleza, mimi na binti yangu, jinsi alivyowasihi. Aliwaambia ni mizima. Aliwasihi mpaka akakaukiwa mate, mkamwambia ni amri. Leo watu wamekasirika, mnamtupia yeye?"

Bwana Kivuli akakaa. Aliyoyasikia hayakuwahi kutokea. Siku ile alikula na akaongezewa. Alimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa amemgeukia mama yake mdomo wazi. Kisha mke akaufunga mdomo, akainama, akaanza kuvuta uzi uliotokeza kwenye mkono wa gauni lake. Hakuuacha ule uzi hadi mkutano ulipokwisha.

"Mhandisi alikuwepo," mtu akapaza sauti. "Atuambie yeye."

Kijana akasimama. Alimtazama mkurugenzi, akamtazama bibi, na kwa muda mfupi akamtazama Bwana Kivuli, jicho lilelile la siku ya kisiki. "Mama ameshasema," akajibu, akakaa.

Basi yakaishia hapo. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mjinga wa kushindana na ukumbi mzima, akasema huenda hakumwelewa mtaalamu vizuri siku ile, joto lilikuwa kali. Akaahidi miche ipandwe njia nzima. Mtu akapendekeza msimamizi wa kazi hiyo awe Bwana Kivuli, kwa cheo na ofisi. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akapiga pia. Hivyo cheo kile alichokitamani siku ya chai alikipata, mbele ya mji mzima, na watu wakapanga mstari kumpa mkono. Aliupokea kila mkono. Mtu mmoja alimwambia ana bahati ya kuwa na mama mkwe kama yule, naye akasema ni kweli.

Walirudi kwa njia ya mtoni. Mke alitangulia, mwendo wa haraka, bila kugeuka. Bibi alitembea taratibu katikati ya zege, ambalo lilikuwa bado linapasha nyayo moto ingawa jua lilishaanza kulegea, na Bwana Kivuli alimfuata hatua moja nyuma, hajui kama amshike mkono au amwache.

"Mama," akasema, "mimi sikuwahi kuwasihi wale watu."

"Najua."

"Unajua?"

"Yule kijana mhandisi alikuja nyumbani baada ya ile siku ya toroli. Wewe ulikuwa kazini. Alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia, baba, hili naona si kosa lako, ni la nani? Hakunijibu. Aliangalia ndala zako pale mlangoni, akaniaga." Bibi akasimama kuvuta pumzi. "Mtoto wa watu ameninyamazia kwa heshima. Na leo tena amenyamaza. Huyo naye utamlipa nini?"

Bwana Kivuli akasema kesho ataenda ofisini akaeleze yote. Akasema hata sasa hivi anaweza kurudi, watu hawajatawanyika wote.

"Hutakwenda," bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Sikusema vile kwa ajili yako. Binti yangu ananunua nyanya kwenye lile soko, na wanawake wa hapa wanamletea vitambaa. Sitaki apite watu wakinyamaza. Nimesimama mbele ya mji mzima, kwa umri huu, nimesema uongo, na wameniamini kwa sababu sijawahi kuusema. Ukienda kueleza, unakwenda kunitangaza mimi." Akaufungua mwavuli, akajifunika peke yake. "Siku ukinizika, kaeleze. Mpaka hapo, kaa na uongo huu kama ninavyokaa nao mimi."

"Sawa, Mama," akasema.

Dua ya alasiri haikusikika tena katika nyumba ile, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko dua. Bwana Kivuli akapanda miche, akaijengea vizimba vya miti kuzuia mbuzi, akaimwagilia maji asubuhi na jioni. Watu walipita wakimsifu. Mkuyu hauna haraka, na yeyote aliyejua hesabu ya maisha alijua kwamba bibi hatatembea chini ya hii. Bwana Kivuli alikuwa na ofisi sasa, yenye kiti, na mara nyingi alikutwa amesimama.

Nyumbani akaanza kumpelekea mama mkwe chai ya asubuhi yeye mwenyewe. Mkewe, ambaye siku hizi alizungumza naye mambo ya lazima tu, alimwachia. Alibisha hodi mlangoni, akauliza, "Umeamkaje, Mama?" na bibi akajibu, "Nimeamka salama," na ndipo alipoingia. Watu waliolisikia jambo hilo walisema wakwe wa hivyo hawazaliwi tena.

Asubuhi moja ya kiangazi kilichofuata alibisha, akauliza kama kawaida, na jibu halikuja. Akasubiri, kikombe mkononi. Akauliza tena. Kimya. Na katika kile kimya, kabla hofu haijamfikia, kabla hajamkumbuka hata mkewe aliyekuwa jikoni, Bwana Kivuli alisikia kifua chake kinafunguka. Ulikuwa wepesi, hauna jina lingine, wepesi wa mtu anayetua mzigo. Maneno ya kwenda kusema ofisini yakajipanga yenyewe kichwani, yote, kwa mpangilio mzuri. Kisha akajielewa anafurahia nini, na kikombe kikainama hadi chai ikamwagikia vidole.

Ndani kitanda kikalia. Bibi akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayetoka usingizini.

"Bado nipo, mwanangu," akasema. "Ingia."

Akaingia, akaweka kikombe juu ya stuli kando ya kitanda, akafungua dirisha. Hakuweza kumtazama.